Umekwama kwenye wimbo? Hatua tisa za kujikwamua

Maswali ya wanaoanza kutunga hapa Kigoma hayabadiliki, awe kijana wa bongo fleva Mwanga, ustadhi wa kaswida Ujiji au mwalimu wa kwaya Gungu. Korasi ninayo, beti haziji. Biti inazunguka saa nzima, kichwa cheupe. Ubeti wa kwanza umekaa vizuri, wa pili umegoma. Mtaani jibu huwa moja tu: tulia, subiri stimu. Ushauri mtamu, ila ndio unaowaacha watu na madaftari yaliyojaa korasi yatima.

Anayekwama mara nyingi hajaishiwa. Anafanya kazi nne kwa mpigo: anatafuta la kusema, anatafuta melodi, anapanga vina, na papo hapo anajikosoa. Mstari haujamaliza kutoka, ameshaukata. Hatua zilizo hapa chini zinazitenga kazi hizo, kila moja na muda wake. Mfano ni mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho, wimbo wa mwalo wa Kibirizi, ufuko wanakopandishia boti wavuvi wa Ziwa Tanganyika, uone jinsi kitu kidogo kinavyogeuka ubeti.

Kabla hujaanza

- Daftari moja la nyimbo tu. Kaunta buku nyembamba inatosha. Andika ukurasa wa kulia, wa kushoto uache wazi kwa masahihisho. Karatasi moja moja zinapotea, na mstari ulioutupa leo ndio utakaoutafuta mwezi ujao.
- Kalamu mbili: ya bluu ya kuandikia, nyekundu ya kuchujia. Zisishikwe siku moja.
- Simu yenye kinasa sauti, ikiwa kwenye hali ya ndege. Ujumbe mmoja wa WhatsApp unatosha kuua melodi ambayo haijarekodiwa.
- Kengele ya kuhesabu dakika. Ya simu hiyohiyo inafaa.
- Biti moja, au programu ya metronomu, ile inayogonga mapigo kwa mwendo mmoja. Moja, si kumi na mbili.
- Dakika 40 mahali usiposikika. Kama umepanga chumba na jirani anasikia hadi ukikohoa, toka nje. Aibu ya kusikilizwa inaua melodi nyingi kuliko ukosefu wa kipaji.

Gitaa au kinanda ukiwa nacho ni vizuri, usipokuwa nacho usikisubiri. Studio bado kabisa. Kulipia muda wa studio ukiwa na nusu ya wimbo ni kumlipa prodyuza akuangalie ukifikiri.

Tahadhari kuhusu biti za bure za mtandaoni: nyingi ni bure kwa mazoezi tu, ukitaka kuuza wimbo lazima umlipe mwenyewe. Soma masharti kabla ya kuizoea, maana ukishaizoea, kuhamisha maneno kwenye biti nyingine ni kazi ya kutunga upya.

Umekwama wapi hasa?

Huna la kusema: anza hatua ya 1. Unalo la kusema ila linatoka kama hotuba: nenda ya 3. Una maneno hayaimbiki: ya 4 na ya 6. Ubeti wa pili: ya 8, lakini soma ya 2 na ya 7 kwanza, kwa sababu ubeti wa pili unaogoma mara nyingi umeharibiwa huko.

Hatua ya 1: Kusanya kauli za watu, achana na mada

Ukimuuliza anayeanza anaandika kuhusu nini, atasema mapenzi, maisha, usaliti. Hayo ni majina ya makabati, ndani hamna nguo. Unachohitaji ni kauli ambayo mtu mmoja alimwambia mwenzake.

Chukua daftari, kaa sehemu yenye watu kwa dakika 20, uandike vitu viwili tu: unavyosikia vikisemwa na unavyoviona kwa macho. Mwaloni Kibirizi asubuhi, stesheni, sokoni Mwanga, foleni ya maji. Ukiwa Tabora, kaa stesheni pale reli inapogawanyika, moja kwenda Mwanza na nyingine kuja Kigoma. Maneno ya kuagana hayakosekani. Lengo ni mistari 20. Usiandike hisia wala maoni yako.

Kibirizi utapata mambo kama haya: boti zilizopandishwa mchangani, taa na betri zake, nyavu zinashonwa mchana, dagaa wameanikwa, kunguru, makuli wakipakia boti za abiria wa vijiji vya kaskazini, mama wa chai na daftari lake la madeni. Na kauli moja: "Dada, niandikie. Giza likirudi nitakulipa."

Simama hapo. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa, na taa inawavuta vizuri usiku usio na mwezi. Mbalamwezi ikiwa kali wavuvi wanapumzika, na mifuko nayo inapumzika. Kwa hiyo "giza likirudi" ni tarehe ya malipo ambayo kila mtu mwaloni anaielewa bila kalenda. Hiyo ndiyo nyama ya wimbo. Mtunzi anayeandika "maisha magumu" ameipita bila kuiona.

Hatua ya 2: Kiini kwa sentensi moja

Andika sentensi moja inayojibu haya: nani anamwambia nani, nini kimetokea, anataka nini sasa. Mfano wetu: *Mama wa chai anamwambia mvuvi aliyekopa wakati wa mbalamwezi kwamba giza limerudi, taa zinaonekana ziwani, na yeye hajalipwa.*

Ikipita maneno 25, una nyimbo mbili ndani yake. Chagua moja, nyingine iandike ukurasa wa nyuma. Kosa la kawaida hapa ni kumwacha "nani anamwambia nani" hewani. Ubeti wa kwanza unamwambia mpenzi, korasi inaiambia jamii, ubeti wa pili unamwambia Mungu. Msikilizaji hatajua kilichomchosha, atajua tu amechoka.

Watunzi wa kwaya na kaswida, hili linawahusu zaidi. Aya ya kitabu kitakatifu si kiini bado. Bado unahitaji mtu anayeisema, na hali aliyomo anapoisema.

Hatua ya 3: Dakika 10 bila kuinua kalamu

Weka kengele dakika 10. Andika chochote kinachohusu kiini, mfululizo, bila vina, bila kufuta, bila kurudi juu kusoma. Ukikwama andika "giza likirudi, giza likirudi" hadi kitu kingine kije. Andika kama mhusika anavyozungumza, si kama msanii. Mama wa chai hasemi "moyo wangu unavuja damu". Anasema "sukari imepanda na wewe bado unaniita dada".

Kengele ikilia, acha hata kama sentensi iko katikati. Soma mara moja, upigie mstari maneno matano hadi manane yenye uhai. Mengine yaache yalipo.

Wengi wanaikimbia hatua hii kwa kuwa inatoa uchafu mwingi. Ndiyo kazi yake. Ukiona umeandika mistari mizuri tu kwa dakika kumi, ulikuwa unachuja huku unaandika, yaani hukuifanya.

Hatua ya 4: Melodi bila maneno

Funga daftari. Washa kinasa sauti na biti au metronomu. Kwa wimbo wa mwendo wa kati anza na mapigo 95 hadi 105 kwa dakika. Imba irabu tu, "aa-ee-oo", au maneno yasiyo na maana, kwa dakika saba mfululizo. Usizime kinasa ukikosea, maana mara nyingi melodi nzuri inajitokeza baada ya kukosea.

Pumzika dakika kumi, kisha sikiliza. Chagua vipande viwili: kimoja cha korasi, kimoja cha ubeti. Cha korasi kianze juu kuliko cha ubeti, au kiwe na noti ndefu zaidi. Korasi na ubeti vikikaa kwenye kimo kilekile na mwendo uleule, wimbo utasikika kama haujafika korasi, hata maneno yawe mazuri vipi. Hifadhi faili kwa jina la wimbo na tarehe. "Sauti mpya 47" hutaikuta tena.

Pima kimo pia. Imba noti ya juu kabisa ukiwa umekaa, asubuhi, kabla koo halijapata moto. Ikikukwaruza, shusha wimbo mzima. Kama ni biti ya prodyuza, mwombe ashushe ufunguo, ni kazi ya dakika chache kwenye kompyuta. Kung'ang'ania ufunguo wa biti ni chanzo kikubwa cha "maneno hayaji". Maneno yapo, ni koo linayakataa.

Wa kwaya wanaoandika solfa: maliza sauti ya kwanza, beti zote, ndipo ugawe alto, tenor na besi. Ukianza kupanga sauti nne kwenye mstari wa pili, utatumia jioni nzima kurekebisha besi ya wimbo ambao haupo.

Hatua ya 5: Korasi ya mistari minne

Hapa hesabu inasaidia kuondoa hofu. Kwenye mapigo 100 kwa dakika, baa moja ya mapigo manne (baa ya muziki, si ile ya bia) ni sekunde 2.4. Korasi ya baa 8 ni sekunde 19.2. Mstari mmoja ukikaa kwenye baa mbili, korasi yako ni mistari minne tu, na ubeti wa baa 16 ni mistari minane. Beti mbili na korasi: mistari 20. Kila mstari ukiwa na mizani (silabi) 8, wimbo mzima ni mizani 160, yaani maneno kama 60. Huandiki utenzi.

Mizani 8 ni kipande kilekile cha shairi letu la kawaida, 8 kwa 8. Si sheria ya wimbo. Anayechana anaweza kupakia 14 kwenye baa moja. Ila kwa aliyekwama ni kipimo kizuri, kwa sababu sikio la Mswahili limeshakizoea. Hesabu kila irabu, pamoja na m au n inayosimama peke yake: *m-cha-nga-ni* ni nne, *n-ne* ni mbili.

Korasi ya mfano:

*Giza limerudi kaka,*
*taa zawaka ziwani,*
*wino haujafutika*
*kwenye kitabu cha deni.*

Nane kila mstari. Vina ni *-ka* na *-ni*, vikipishana. Tazama *-ni* hizo mbili: ya "ziwani" ni ya mahali, ya "deni" ni ya neno lenyewe. Ndiyo maana hazichoshi. Ukiandika ziwani, nyumbani, moyoni, kibandani, umepata vina vinne vya bure, na msikilizaji anajua ni vya bure. Ugonjwa huohuo uko kwenye *tupendane, tusaidiane, tuheshimiane*. Kwenye kila jozi ya vina, hakikisha neno moja limetoka kwenye aina tofauti: kitenzi na jina, jina na kielezi.

Kina kikigoma, usizunguke kutafuta neno la mwisho. Geuza mpangilio wa sentensi nzima ili neno jingine likae mwisho. Kiswahili kinaruhusu hilo kuliko watu wanavyokitumia: "wino haujafutika", "haujafutika wino", "hata wino haujafa". Mstari mmoja, vina vitatu tofauti.

Hatua ya 6: Kagua mkazo

Hii ndiyo hatua inayorukwa zaidi, na ndiyo inayofanya mtu aseme "maneno yangu hayaimbiki" bila kujua sababu.

Mkazo wa neno la Kiswahili, isipokuwa maneno machache, uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: zi-WA-ni, li-me-RU-di, ha-u-ja-fu-TI-ka. Pigo zito la biti, au noti ndefu, likiangukia silabi nyingine, neno linapinda. Mfano unaojulikana ni ba-ra-BA-ra, njia ya magari, na ba-RA-ba-ra, sawasawa. Melodi ikisukuma mkazo pasipo pake, umeimba neno lisilo lako.

Fanya hivi:

a) Sema mstari kwa sauti ya kawaida, kama unaongea na mtu dukani. Weka alama juu ya silabi zenye mkazo.
b) Piga makofi mapigo manne na useme mstari juu yake. Alama ziangukie makofi, au angalau zisikimbiwe na makofi yote.
c) Zisipoangukia, ongeza au toa silabi moja mwanzoni ("na", "ni", "ya"), au anza mstari nusu pigo baada ya kofi la kwanza. Mara nyingi hiyo pekee inatosha.
d) Kumbuka kiambishi cha nyuma kinahamisha mkazo: PE-nda, lakini pe-NDA-na. Ukibadilisha kitenzi, rudia makofi.

Noti ndefu ya juu ipe *a* au *o*. Irabu *i* na *u* zinabana koo kwenye noti za juu, hasa kwa anayeanza. Kwenye mfano wetu noti ndefu inakaa vizuri "zi-WAAA-ni", na mkazo uko hapohapo. Kuvuta "ziwaniii" kunawezekana na wengi wanafanya, ila kufanywe kwa makusudi.

Hatua ya 7: Ubeti wa kwanza kwa vitu

Rudi kwenye mistari 20 ya hatua ya 1. Chagua vitu vitatu tu, vionekane kabla ya korasi:

*Mbalamwezi ilijaa,*
*boti zote mchangani;*
*ulinijia na njaa,*
*chapati nne sahani.*

Nusu ya ubeti, na deni halijatajwa. Liachie korasi. Kosa la kawaida ni kusimulia kila kitu ubeti wa kwanza: alikopa, hakulipa, nimeumia, nimemsamehe. Ukishafanya hivyo ubeti wa pili hauna kazi tena, ndiyo maana unagoma.

Hatua ya 8: Ubeti wa pili

Ubeti wa pili hautaki hisia mpya. Unataka kitu kimoja kihame. Chagua kimoja kati ya hivi:

- *Wakati.* Ubeti wa kwanza ni usiku wa mbalamwezi, wa pili ni asubuhi baada ya giza kurudi.
- *Mahali.* Kutoka kibandani kwenda pale dagaa wanapoanikwa, au mvuvi amehamia mwalo mwingine kusini.
- *Anayesema.* Mvuvi naye ajibu. Inafaa sana kwa kolabo, na kwa kaswida ya vikundi viwili.
- *Anachojua.* Mama wa chai anagundua vibanda vingine vitatu vinamdai mtu huyohuyo.

Kimoja tu. Ukihamisha viwili, umeanza wimbo mwingine. Tukichagua wakati:

*Dagaa wameanikwa,*
*wapita njia ya pili...*

Mistari miwili hiyo inatosha kufungua mlango: samaki wapo, kwa hiyo pesa ipo, na yeye anakwepa kibanda. Hakuna aliyesema "umenisaliti". Sasa korasi ikirudi, maneno yaleyale yanauma zaidi. Jaribu hivyo kwenye wimbo wako: imba korasi baada ya ubeti wa pili. Ikisikika sawa kabisa na mara ya kwanza, ubeti wako wa pili umerudia wa kwanza kwa maneno mengine. Ufute.

Bado umekwama? Andika mstari wa mwisho wa ubeti kwanza, ule unaoingia kwenye korasi, kisha panda juu mstari kwa mstari. Njia nyingine ipo kwenye muziki wa dansi uliopigwa Tabora enzi za Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz: hadithi inaimbwa kwanza, kisha chemko, magitaa yanaongoza na sauti zinaitikiana kwa vipande vifupi. Si lazima kila wimbo uwe na beti tatu ndefu. Baada ya ubeti wa pili, vipande vya maneno mawili matatu vinavyoitikiwa, "Giza!" "Limerudi!", vinaweza kuufikisha wimbo mwisho kwa heshima.

Hatua ya 9: Uache ulale, ndipo uchuje

Saa 24, usiuguse wala usiurushe kwenye gurupu la marafiki. Kesho yake shika kalamu nyekundu, na ujiulize matatu kwa kila mstari: mhusika huyu angesema hivi? Kuna kitu cha kuona au kusikia? Mstari ukitolewa, kuna kinachopungua? Unaokosa yote matatu unaondoka. Kisha mwimbie mtu mmoja bila biti, bila maelezo, na umwombe akuambie wimbo unahusu nini. Akisema "mapenzi", rudi hatua ya 7. Akisema "kuna jamaa anadaiwa chai", umemaliza.

Mkitunga wawili au zaidi, andikeni siku hiyohiyo nani ametunga nini na mgao wake, kila mmoja asaini. Ukienda kusajili kazi COSOTA, ofisi ya hakimiliki, hilo litakuwa limeshakwisha. Urafiki mwingi wa muziki umevunjikia kwenye korasi iliyotungwa na watu watatu kibarazani.

Bado imegoma?

*Kila melodi inafanana na wimbo wa mtu.* Umesikiliza sana nyimbo za mwendo mmoja. Zima biti, imba kwa makofi tu, mapigo 15 chini au juu ya mwendo uliouzoea, na uanze kila mstari baada ya kofi la kwanza. Baadaye mwimbie melodi bila maneno mtu anayesikiliza muziki mwingi. Akiutaja wimbo mwingine papo hapo, badilisha melodi, usibishane naye.

*Nina korasi nyingi, hakuna wimbo uliokamilika.* Kila korasi iandikie kiini cha hatua ya 2. Zitakazokataa kupata sentensi ni maneno matamu tu, zihamishie ukurasa wa nyuma. Chagua moja iliyobaki, na usiruhusiwe kutunga korasi mpya hadi hiyo ipate beti mbili.

*Biti inanibana.* Huenda imejaa: ina melodi yake ya filimbi au kinanda inayogombana na sauti yako. Omba toleo lenye ngoma na besi peke yake, tunga humo, vingine virudi baadaye.

*Vina vinanipeleka nisikotaka.* Andika ubeti mzima bila vina, kama barua. Kisha tafuta vina kwa mistari ya pili na ya nne tu. Ya kwanza na ya tatu iache huru.

*Nikinywa au nikivuta stimu inakuja.* Kinachokuja ni ujasiri wa kutojikosoa, na huo unapatikana kwenye dakika 10 za hatua ya 3 bila gharama. Sikiliza rekodi za usiku huo asubuhi, kabla ya chai, uamue mwenyewe.

*Sina muda, niko kazini kutwa.* Gawa: hatua ya 1 ukiwa njiani, ya 3 usiku mmoja, ya 4 usiku mwingine. Usijaribu zote Jumapili moja. Hata mwenye muda mwingi hafai kufanya hatua ya 5 na ya 9 siku moja.

*Miezi imepita, sina hamu ya kutunga wala ya kitu kingine.* Kama usingizi na chakula vimevurugika pia, na hali imezidi wiki mbili, hapo si suala la wimbo. Nenda kituo cha afya uzungumze na daktari. Daftari litakusubiri.

*Nyumbani naimba vizuri, studio maneno yanakauka.* Kwa kawaida ni pumzi. Andika mashairi upya kwa herufi kubwa kwenye karatasi moja, weka mkwaju (/) kila mahali pa kuvuta pumzi, na usivuke mistari miwili bila mkwaju. Imba wimbo wote ukiwa umesimama, mara kumi, siku moja kabla. Mstari unaokukata pumzi mara tatu mfululizo una silabi nyingi mno. Toa mbili kabla ya kwenda, usingoje prodyuza akuambie saa yako ikiwa inakwenda. Na simu iwe na chaji, kwa sababu melodi halisi iko humo, si kichwani.